Masikio ya Mwalimu wa Kwaya

Hakuwahi kukaa. Ukitaka kumkumbuka mwalimu wetu wa kwaya, mkumbuke amesimama, na hata akiwa amesimama, mguu mmoja ulikuwa umeshageukia mlango. Mimi ni fundi wa nguo hapa Voi, na sare zote za kwaya ile zimepita chini ya sindano yangu. Wateja wengine husimama wima wapimwe. Yeye nilimpima akitembea, namfuata humo dukani na futi mkononi kama mtu anayekimbiza kuku, huku ananiuliza kwa nini sisi wa sauti ya pili tulichelewa kuingia Jumapili iliyopita. Suruali zake zikitoka zimepinda kidogo, sikuomba radhi.

Siku za kazi alikuwa shambani kwake Ronge, kwenye kabichi na migomba. Ijumaa aliteremka hadi chumba alichopanga nyuma ya soko, akakaa nasi mpaka Jumapili. Nasema alikaa kwa kukosa neno lingine. Jumamosi asubuhi alizunguka mlango kwa mlango, viatu vyekundu kwa vumbi, akiwakumbusha watu mazoezi, hata wenye simu, hasa wenye simu. Alianza hadithi mlangoni kwako na kuimalizia kwa jirani. Ziko hadithi zake ambazo mpaka leo mwisho wake anaujua mama muuza samaki peke yake.

Hakuamini kinanda. Kinanda, alisema, kinafundisha uvivu. Alituandikia do re mi kwa chaki ubaoni, akatoa sauti ya kuanzia kwa mdomo, akapita katikati yetu kichwa kimeinama. Sikio lake lilikuwa la kuogofya. Tunaimba watu wengi kwa pamoja, naye anasimama ghafla: "Wewe, nyuma ya nguzo. Umekula nini leo?" Na kweli aliye nyuma ya nguzo ndiye alikuwa ameteleza. Besi wetu, wengi wao watoto wa watu wa reli na wa mashamba ya mkonge waliotoka magharibi, walimwogopa kuliko walivyowaogopa wake zao.

Alikuwa na mtindo mmoja ambao lazima niueleze vizuri. Kundi likiimba kwa woga, alitupa mgongo, akatazama nje dirishani, akasema, "Siwasikii." Uongo mtupu. Alikuwa anasikia mpaka tunavyomeza mate. Tunaimba tena kwa nguvu zaidi. "Siwasikii." Mpaka sauti itoke tumboni, ndipo anageuka na uso usio na furaha yoyote na kusema, "Tuendelee." Hiyo "tuendelee" ndiyo iliyokuwa sifa yake. Nimeona watu wazima wakienda nyumbani wanaringa kwa ajili ya neno hilo moja.

Mkali vile, lakini kabichi zake alizigawa ovyo. Ulikemewa Jumamosi, Jumapili ukakuta kabichi mbili zimewekwa mlangoni, na ole wako ushukuru. Alipenda kusema kwamba noti mbaya isemwe hapo hapo, ikilala inakuwa tabia, na alituaibisha mbele ya kila mtu kwa msingi huo. Ya kwake, sasa, hakuyasema. Alipofiwa na mkewe alikuja mazoezini vile vile, akatufundisha wimbo mpya, akatugombeza. Tulipata habari kanisani kesho yake, kwa mchungaji. Nilimkasirikia sana siku ile. Nililia huku nimemkasirikia.

Kikohozi kilimwanza msimu wa vumbi, na msimu wa vumbi Voi nzima hukohoa, kwa hiyo hakuna aliyejali. Kilipoanza kuja na damu, binti yake, ambaye ni muuguzi wa zahanati huko Bomeni, alipanda Ronge akamshusha kwa nguvu. Picha zikapigwa. Uvimbe ulikuwa kwenye pafu la kulia, umekaa karibu mno na mishipa mikubwa usiweze kukatwa. Maishani mwake hakuwa amevuta sigara, na sisi wanakwaya alituharamishia hata soda baridi. Alipowauliza madaktari sababu, walimwambia hawawezi kujua. Alikasirika kama mtu aliyeibiwa na mgeni wake.

"Mimi? Mapafu?" aliniambia dukani, akizunguka cherehani yangu. "Si huu ugonjwa ungechukua hata ini?"

Dawa zilikuwa Mombasa. Binti yake hakuweza kuacha zahanati kila mara, na mimi huenda Mombasa kununua vitambaa, basi nikawa ndiye msindikizaji. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Mwalimu alimsikiliza kidogo, kisha akanyanyuka.

"Daktari, mimi si mtoto. Nieleze hiyo dawa inapita wapi."

Daktari akamshika mkono, akamwonyesha kwa kidole. Dawa ingeingia kwenye mshipa wa mkono, irudi na damu mpaka moyoni, na moyo uisukume moja kwa moja mapafuni.

Mwalimu akapiga paja. "Basi imefika!"

"Bado." Damu inayopita mapafuni kuchukua hewa, daktari alieleza, siyo hasa inayoulisha uvimbe. Uvimbe kama wake hulishwa zaidi na mishipa midogo inayochipuka kwenye mshipa mkuu utokao moyoni. Dawa ingepita kando ya uvimbe, irudi moyoni, itoke tena, ndipo iingie kwa njia ya nyuma.

"Kwa hivyo inapita mlangoni bila kubisha?"

"Inapita, halafu inarudi. Ni muda mfupi sana, Mwalimu. Kazi ngumu iko ndani."

Huko ndani, alisema, uvimbe umejijengea mishipa ovyo ovyo. Imepindapinda, mingine inavuja, na maji yaliyojaa humo yanaisukuma dawa nje. Seli za pembeni hupata dawa ya kutosha, za katikati hupata kidogo. Dawa ikishaingia kwenye seli, hunata kwenye nyuzi zinazobeba maagizo ya urithi na kuzifunga pamoja, na seli ikitaka kugawanyika haiwezi, inakufa. Ila iliyolala, isiyogawanyika, huenda ikaponyoka. Ndiyo maana dawa hurudiwa baada ya wiki kadhaa, ili zilizolala zikiamka ziikute, na mwili nao uwe umepata kupumzika.

"Na inajuaje hii ndiyo seli mbaya?"

"Haijui," daktari akasema, na nilimpenda kwa kusema hivyo bila kuzunguka. "Inaumiza zaidi zile zinazogawanyika haraka. Kwa hivyo nywele, tumbo na damu vitaumia. Na kuna mahali pengine inaharibu bila hata hiyo sababu. Figo. Vidole. Masikio. Ukisikia mlio wowote masikioni uniambie, Mwalimu. Usingoje."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nilikuwepo, nilimwona.

Siku za dawa zilikuwa ndefu, kwa sababu alimiminiwa maji mengi kabla na baada, kulinda figo. Wagonjwa wengine walilala. Yeye alikokota chuma cha dripu koridoni, kwenda na kurudi, akiongoza nyimbo kwa mkono usio na sindano. Pamoja na maelezo yote aliyopewa, aliamini kutembea ndiko kunaisukuma dawa ifike katikati ya uvimbe.

"Nikikaa itatuama," aliniambia.

"Mzee," muuguzi akamwita, "moyo unatembea kwa niaba yako. Hebu kaa."

Hakukaa. Nyumbani alitapika, nywele zikamtoka, akalalamika kwamba maji yote ya Voi yana ladha ya msumari. Lakini picha iliyofuata ilionyesha uvimbe umenywea sana. Siku hiyo alipita soko zima akiwaambia hata watu asiowajua, "Inafika! Nawaambia inafika!" Nami nikatembea nyuma yake na mizigo yangu ya vitambaa, nacheka peke yangu.

Ndipo yakaanza mambo ya sauti ya kwanza. Alirudi mazoezini amevaa kofia ya sufu kwenye joto lile, na Jumamosi ya kwanza tu akatupa mgongo. "Siwasikii. Sauti ya kwanza mnameza maneno." Wakesho, anayewaongoza, ni mwalimu wa chekechea mwenye sauti inayofika barabarani. Akawapa ishara, wakaongeza. "Siwasikii. Mbona maneno hayana makali? S zenu ziko wapi?" Wakaongeza tena.

Nani angefikiria jambo lingine? Tulimjua. Tulidhani ni mtindo wake ule ule, kwamba ugonjwa umemrudisha na moto mpya, na jibu la mtindo ule lilikuwa moja tu, kuimba zaidi. Iliendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Wenye kurudi Marungu waliomba waachiwe mapema kwa sababu ya tembo barabarani, akakataa. Kina mama wale walipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, na Wakesho akapoteza sauti kabisa, akawa anawaita watoto wa chekechea kwa filimbi. Na yule mtu aliyekuwa hakosi kusikia hata kupumua kwetu alikuwa ametazama dirishani, anangoja. Sisi wa sauti ya pili, niseme tu ukweli, tulifurahi kidogo. Wenzetu wale waliringa miaka mingi.

Nilimpelekea suruali Ronge, nimezipunguza kiuno kwa kuwa alikuwa amekonda. Ilikuwa saa ya jua kali na nyenje wamejaa kwenye miti juu ya shamba, wanalia kwa kelele za kukera, mpaka nilipaza sauti kumsalimia. Alinizungusha kwenye kabichi akinionyesha zilizoliwa na wadudu. Kisha akasimama, akatazama ile miti.

"Mwaka huu nyenje hawakuja," akasema. "Ni huu ukame."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Miti ilikuwa inapiga mayowe juu yetu, naye anaitazama kwa huruma.

"Mwalimu, masikio yanalia?"

Akainama, akang'oa jani. "Kidogo. Kama maji yanayoanza kuchemka. Hayachemki na hayanyamazi."

"Umemwambia daktari?"

"Nimwambie nini? Aniondolee dawa inayofika?" Sasa alikuwa ananizunguka, kabichi zikikanyagwa. "Fundi, nimepata dawa inayojua njia. Wengine hawapati. Hilo liishie hapa shambani. Umenisikia?"

Nilimsikia. Siku zilizofuata sikufaa kwa kazi yoyote. Nilishona mikono miwili ya shati upande mmoja, nikafumua, nikaishona tena vile vile. Nikinyamaza, angekuwa kiziwi, na mtu yule bila sikio sikujua angekuwa nani. Nikisema, wangeweza kumwondolea dawa, uvimbe ule ukaamka, na mimi ndiye ningekuwa nimeuamsha. Nilimweleza Wakesho, naye hakuwa na sauti, akanijibu kwa kunong'ona.

"Mwambie daktari. Mara moja."

"Na uvimbe ukirudi?"

"Basi usimwambie."

"Na akiwa kiziwi?"

"Jamani, fundi, mbona unanipa mzigo huu?" Akalia, kisha akashika koo akaanza kucheka bila sauti. "Kumbe nimejiua koo bure."

Safari iliyofuata nilimwacha Mwalimu azungumze na daktari. Tumbo? Si mbaya. Vidole? Vinawasha kidogo. Masikio? "Mazima," akasema, tayari amefika mlangoni.

"Daktari, si kweli," nikasema. "Masikio yanalia. Na sauti za juu hazisikii, hata nyenje hawasikii. Anaficha."

Aligeuka. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote. "Nani amekuuliza wewe?"

"Hakuna. Si wewe ulitufundisha noti mbaya isemwe hapo hapo?"

"Hiyo ni kwaya!" Alipiga kelele mpaka muuguzi akachungulia. "Hii ni roho yangu!"

Na alikuwa na haki. Nilijua ana haki nikiwa bado naongea.

Walimweka kwenye chumba kidogo chenye kioo, wakamvisha vyombo masikioni, wakampa kitufe abonyeze kila anaposikia. Nilisimama nje. Mwanzoni kidole gumba kilibonyeza, kikabonyeza. Halafu mpimaji akaendelea kupandisha sauti juu, na kidole kikatulia. Mwalimu alikuwa amefumba macho, amekaza uso wote, anasikiliza kwa bidii kuliko nilivyowahi kumwona, na kidole hakikusogea. Niliangalia sakafu.

Daktari hakumgombeza. Ndani kabisa ya sikio, alisema, kuna seli zenye vinywele, na zikifa hazioti tena. Za sauti za juu hutangulia. Dawa ile hukaa humo muda mrefu hata baada ya kuisha kwenye damu, na ikiongezwa, uharibifu ungeshuka mpaka kwenye mazungumzo ya kawaida. Ipo dawa nyingine ya jamii ile ile, inayofunga zile nyuzi kwa namna ile ile. Kwa masikio ni afadhali, kwa damu ni kali zaidi.

"Itafika?" Mwalimu akauliza.

"Itafika."

"Kama hii?"

"Kwa watu wengi tofauti si kubwa. Kwako wewe, siwezi kuapa."

Alizunguka chumba kile kidogo, akipita nyuma yangu bila kunigusa. Mwisho akasimama mbele ya ukuta na kuuambia ukuta, "Badilisha." Mpaka tunafika Voi hakunitamkia neno. Safari zilizofuata alisindikizwa na besi mmoja, na suruali zake zikapelekwa kwa fundi mwingine. Nilimwona nazo sokoni. Zilikuwa zimenyooka vizuri, na ziliniuma.

Dawa ya pili ilimshikilia kwa muda mzuri. Wakesho akawa anasimama kando yake kumwambia sauti ya kwanza inakwendaje, na wimbo wa Pasaka tuliuimba vizuri. Mimi alinielekeza kwa mkono kama alivyowaelekeza wengine. Kisha uvimbe ukaamka, na safari hii ulitokea na upande wa pili. Walijaribu dawa nyingine. Akaacha kuteremka Voi.

Sasa hapa ndipo ninapozunguka kila siku. Huenda ile dawa ya kwanza ingeumaliza. Huenda zile seli za katikati, zilizolala, zingeponyoka vyovyote vile, maana ndivyo daktari alivyotuambia toka siku ya kwanza. Nilimuuliza binti yake, ni muuguzi, akasema hakuna mtu duniani anayeweza kunijibu. Aliniambia kwa wema. Haikunisaidia kitu.

Binti huyo ndiye aliyenipigia simu niende Ronge. Nilimkuta Mwalimu kitandani, mito imepangwa nyuma yake, pumzi fupi. Alikuwa mwembamba mno, lakini macho yalikuwa yale yale ya kutafuta makosa. Nilivuta kigoda karibu.

"Mwalimu, nilikosea?"

Alinisikia vizuri, sauti yangu ni nzito.

"Ulinikasirisha sana," akasema. "Bado nimekasirika kidogo."

"Najua."

"Ningebaki na ile, huenda ningekuwa hapa hapa, na kiziwi juu yake. Huenda ningekuwa shambani. Sijui, fundi. Usiniulize tena, sina pumzi ya kuwaza." Alivuta hewa, akangoja kifua kitulie. "Huku ni kimya sana. Niimbie ule wa Pasaka."

Nikaanza kuuimba kwa sauti ya kwanza, ile ambayo kila mtu anaijua, nikijilazimisha kwenda juu. Akatikisa kichwa.

"Hiyo hainifikii. Imba yako."

"Yangu ni ya pili, Mwalimu. Peke yake si wimbo."

"Imba."

Nikaimba sauti ya pili, ile njia yetu ya chini isiyokwenda mbali, inayorudiarudia, inayongoja wengine wapite. Alisikiliza mpaka mwisho huku midomo ikimtetemeka.

"Hivyo ndivyo huwa mnaimba?"

"Ndivyo."

"Miaka yote hiyo?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshikilia mabega mpaka kikamwachia. Alikuwa mwepesi kama mtoto. "Nilikuwa nawasikiliza mkikosea tu," akasema, na kunishika mkono. "Rudia."

Nikarudia, na kurudia tena, mpaka binti yake alipotuletea chai.